Maji ya Dodoma na Sufuria ya Adesi

(Mazungumzo yaliyotolewa jijini Dodoma tarehe 10 Februari, Siku ya Mikunde Duniani, mbele ya wanakikundi cha kuweka na kukopa pamoja na familia zao. Yameandikwa kama yalivyosemwa, yakapunguzwa kidogo.)

Mbukwenyi!

Naam. Walioitikia kwa nguvu ni wenyeji. Waliogeukiana kuulizana kimesemwa nini ni wale waliohamia na ofisi zao. Nyote karibuni.

Mwenyekiti, katibu, mama zangu, dada zangu, na ninyi akina baba mliojipanga karibu na mlango, nashukuru kwa kunialika. Mwalimu mstaafu wa sayansi kimu siku hizi haalikwi popote isipokuwa kwenye kicheni pati, na huko hakuna anayemsikiliza kwa sababu ya muziki.

Mwenyekiti alinipigia simu akasema, "Mwalimu, tuzungumzie adesi. Watu wananunua, wanapika, haziivi." Nilicheka, maana malalamiko hayo nayasikia tangu serikali ilipoanza kuhamia hapa mwaka 2016. Mtu kapika maharage Moshi, kapika Dar es Salaam, na mashemeji wanamsifu. Anafika Dodoma, anachochea mkaa mpaka watoto wanasinzia, harage bado linagonga jino. Kesho yake anamgombeza muuza duka, keshokutwa anamgombeza dada wa kazi. Mimi leo nimekuja kumtetea dada wa kazi. Kisa hiki mwenye lawama kubwa ni maji, anayemfuata ni punje iliyozeeka dukani, na mara nyingine ni ile nyanya mnayoitia kabla ya wakati wake.

Kwanza tujue tunazungumzia kitu gani. Nikisema adesi nina maana ya zile punje ndogo bapa. Kuna nzima zenye ganda, za kahawia au kijani, na kuna nyekundu zilizokobolewa na kupasuliwa. Zile za duara zenye mdomo kama wa kifaranga, ambazo unga wake ndio wa badia, ni dengu. Lakini wauzaji wengi wanayabadilishana majina hayo, kwa hiyo ukienda Majengo usiagize kwa jina tu. Fungua kiganja uone ulichopewa. Ukipika dengu kwa muda wa adesi utakula changarawe.

Adesi hazilimwi kwetu huku kati. Ni zao linalopenda ubaridi kiasi. Kanada ndiyo inayoongoza kwa kuziuza duniani, na India, Uturuki na Ethiopia nazo zinalima. Kwa hiyo mtu ataniuliza, Mwalimu, kwa nini utusifie kitu cha nje wakati Kondoa wana mbaazi, Kongwa wana kunde, na njugu mawe zimejaa mkoa mzima? Swali la haki kabisa. Na mimi njugu mawe siachi mpaka naingia kaburini. Ila njugu mawe kavu inataka saa kadhaa za moto, na mkaa mnajua bei yake. Adesi nyekundu inaiva ndani ya dakika 15 hadi 20, na nzima ndani ya nusu saa au zaidi kidogo, bila kulowekwa. Mfanyakazi anayerudi nyumbani saa kumi na mbili jioni anaweza kuiweka mezani kabla ya taarifa ya habari. Nchi nayo imejiwekea lengo: mkakati wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa mwaka 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wameachana na kuni na mkaa ifikapo 2034. Mtungi wa gesi haulingani na njugu mawe. Kwa adesi unalingana.

Tuanze na ungo. Najua vijana mnaona ungo ni kitu cha bibi, mnamimina adesi moja kwa moja kwenye bakuli la maji. Nawaambia, jiwe la adesi ni jiwe baya kuliko la mchele, kwa sababu lina rangi ileile na ukubwa uleule. Mimina kikombe kimoja tu kwenye ungo, usimimine kilo nzima. Keti mahali penye mwanga wa jua, ungo uinamishe kidogo upande wako, kisha sukuma punje kwa vidole vinne chache chache, ukizivuta kuja kwako. Iliyo nzima inateleza. Jiwe linakwama, linabaki nyuma. Macho yasipoliona, kidole kitalisikia, maana ni zito na baridi. Ukimaliza pepeta mara mbili tatu, vumbi na maganda yaende na upepo. Sasa ndiyo uoshe, ukibadilisha maji mpaka yasiwe na vumbi. Zinazoelea juu toa utupe: nyingi zimeliwa na wadudu, ndani ni tupu.

Kuloweka? Adesi hazilazimiki. Ukiziloweka saa moja au mbili zitaiva upesi zaidi, basi. Nyekundu usiziloweke kabisa, zitavurugika. Mbaazi, dengu na maharage loweka usiku kucha, na hapo nina neno moja ambalo wengi mtalikataa: loweka na chumvi. Kijiko kimoja kikubwa kwa lita mbili hivi za maji, asubuhi mwaga, osha, ndipo ubandike. Tumeambiwa tangu utoto kwamba chumvi inazuia harage kuiva. Ukweli ni kinyume chake, na sababu yake ndiyo inayotupeleka kwenye maji.

Naomba mnisikilize vizuri hapa, kwa sababu ndiyo niliyoijia.

Punje ya jamii ya kunde ina seli nyingi zilizogandana, na kinachozigandisha kinaitwa pektini. Kuiva maana yake ni pektini kulegea, seli ziachiane, ukibonyeza ulaini uingie. Maji yenye madini mengi ya kalsiamu na magnesiamu hayairuhusu ilegee. Madini hayo yanaishika pektini na kuikaza, na unaweza kuchemsha mpaka maji yakauke. Maji ya namna hiyo ndiyo tunayaita magumu. Dalili zake mnazo nyumbani. Sabuni haitoi povu, unafua unasugua, povu hakuna. Birika kwa ndani limeota ukoko mweupe. Glasi ikikauka inabaki na madoa.

Jiji hili kwa miaka mingi limekunywa maji ya ardhini, visima vya Mzakwe kule bonde la Makutupora, na mitaa mingine ina visima vyake vilivyochimbwa na watu binafsi. Maji ya ardhini yanapita kwenye miamba na udongo, yanakusanya madini njiani. Hayana ubaya kwa afya kwa sababu ya ugumu huo. Ni mpishi tu anayeteseka. Tena Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji yetu yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, hayafiki 100 kama ya Dar es Salaam. Hilo peke yake lisingetusumbua sana, lakini likijumlishwa na maji magumu, dada wa kazi anaonekana mvivu.

Asubuhi hii, kabla hamjafika, nimebandika masufuria mawili pale nyuma. Adesi za kahawia kutoka mfuko mmoja, majiko mawili ya gesi yanayofanana, dakika ileile. Sufuria ya kushoto ina maji ya kisima cha mtaani kwetu. Ya kulia ina maji ya mvua ya juzi. Dada mwenye kitenge cha njano, hebu njoo. Chukua punje moja kila upande, ibonyeze kati ya kidole gumba na cha shahada. Usiionje kwanza, ibonyeze. ... Waambie. Ya kulia imesambaa, haina kiini. Ya kushoto? Imepasuka ganda, katikati bado kuna kitu kigumu. Asante, rudi ukae. Hakuna uchawi hapo, ni moto mmoja na mkono mmoja.

Sasa tufanyeje? Februari ndiyo wakati wetu. Mvua ya huku inatujia msimu mmoja tu kwa mwaka, ikianza Desemba au kabla kidogo, ikiisha Aprili. Mvua haijapita ardhini, kwa hiyo maji yake ni laini. Mwenye bati na ndoo asikubali yapotee. Mvua ya kwanza iache ioshe vumbi na kinyesi cha ndege kwenye bati, ndipo ukinge. Yafunikeni. Hata lita 20 tu za kupikia jamii ya kunde zitakufikisha mbali, maana hutafulia hayo.

Asiye na maji ya mvua achemshe maji ya kawaida peke yake dakika kumi hivi, ayaache yapoe na kutulia, halafu ayamimine polepole kwenye sufuria nyingine akiacha ule weupe chini. Sehemu ya ugumu inabaki chini pamoja na ukoko. Haitoki yote, ila tofauti utaiona. Na wa kuloweka, ile chumvi niliyowaambia inafanya kazi hiyohiyo: sodiamu inaingia mahali pa kalsiamu kwenye punje, pektini inalegea.

Najua mnasubiri niseme magadi. Ndiyo, magadi yanalainisha, bibi zetu hawakukosea. Lakini yanaharibu vitamini B1, na yakizidi kidogo chakula kinanuka sabuni na kuwa uji. Kwa adesi sioni sababu. Kwa mbaazi zilizozeeka na maji ya kisima yaliyokushinda kabisa, ncha ya kijiko cha chai kwa sufuria nzima, usizidishe. Na anayetia magadi kwenye adesi nyekundu, huyo ana haraka ya ajabu.

Umri wa punje nao. Adesi kavu haiozi, kwa hiyo duka linaweza kukaa nayo miaka. Joto na unyevu vinaifanya iwe ngumu kadiri inavyokaa, na iliyozeeka hata maji ya mvua hayaiokoi sana. Muulize muuzaji imeingia lini. Atakuambia jana, wote wanasema jana. Basi angalia mwenyewe: iliyofifia rangi na kujaa vumbi la ganda chini ya mfuko imekaa. Nunua kwenye duka linalouza haraka, kiasi cha mwezi mmoja au miwili, weka kwenye chombo kinachofunga sawasawa, mahali pasipo na joto la jiko. Na usichanganye za zamani na mpya. Zitaiva kwa awamu, nusu uji, nusu mawe.

Tupike sasa, hapa nitakwenda upesi kwa sababu harufu imeshawafikia.

Kikombe kimoja cha adesi, vikombe vitatu vya maji. Weka kwenye maji ya baridi, zichemke wazi. Povu litapanda, jeupe lenye ukijivu. Halina sumu, lipunguze kwa kijiko ili lisifurike na kuzima gesi. Likishatulia, punguza moto, funika nusu, yatokote kwa utaratibu. Kuchemka kwa fujo kunachana maganda kabla ndani hakujaiva. Kijiko cha mafuta ya alizeti, na haya tunayo, Dodoma na Singida tunalisha nchi, kinasaidia povu lisirudi. Chumvi tia wakati wowote. Binzari manjano na kipande cha tangawizi vinaweza kuingia mwanzoni.

Nyanya haziingii mwanzoni. Wala limau, wala ukwaju. Uchachu unaikaza pektini karibu kama maji magumu, na ukivipata vyote viwili kwenye sufuria moja, andaa mkaa wa kesho. Kaanga nyanya zako pembeni: kitunguu kwanza mpaka kiwe rangi ya dhahabu, kitunguu saumu, binzari nyembamba, kisha nyanya, mpaka mafuta yajitenge. Adesi zikishaiva kwa kipimo cha vidole, si kwa saa ya ukutani, ndipo mimina mchuzi huo ndani, zichemke pamoja dakika tano.

Watu wa pwani wataniambia tui la nazi. Nazi ni tamu, sibishani, ila hapa imesafiri kutoka mbali na bei inajua hivyo. Mimi nachukua karanga za huku, nazikaanga, nazisaga, nakoroga na maji ya uvuguvugu, natia mwishoni na kukoroga taratibu zisigande chini. Kwa maoni yangu adesi na karanga vinapatana kuliko adesi na nazi, na nimeshawaambia hata watu wa Tanga.

Mwenye sufuria ya presha asijaze zaidi ya nusu, maana povu la jamii ya kunde linaweza kuziba tundu la mvuke. Asiye nayo na anayetaka kubana gesi atumie kapu: chemsha adesi dakika kumi, funika mfuniko ulioshika vizuri, tia sufuria ndani ya kapu au boksi lililojazwa mablanketi, funika juu, ondoka. Baada ya saa moja hivi rudi, chemsha tena kidogo. Nimeona akina mama wengi wanacheka kapu mpaka siku gesi inapokata.

Kuhusu lishe nisiwachoshe. Gramu 100 za adesi kavu zina protini kama gramu 25, na zina folati na madini ya chuma kwa wingi, vitu ambavyo mama mjamzito anavihitaji. Chuma cha mimea mwili haukipokei kirahisi, ndiyo maana limau linawekwa mezani, likamuliwe kwenye sahani, kwa sababu vitamini C inakisaidia chuma kuingia, nayo moto unaiua. Chai ya rangi inafanya kinyume, inakizuia. Basi chai isubiri saa moja. Na ugali wetu wa uwele au mtama usiuonee haya mbele ya wageni: protini ya nafaka inapungukiwa na kile ambacho adesi inacho, na adesi inapungukiwa na kile kilichomo kwenye nafaka. Vikiwa sahani moja, vinakamilishana. Mtoto aliyefikisha miezi sita unaweza kumpondea adesi nyekundu zilizoiva sana, ukachanganya na uji wake, bila pilipili. Anayesumbuliwa na gesi tumboni aanze na kidogo kidogo, tumbo linazoea.

Choroko na kunde mnaweza kuzifuata kwa utaratibu huuhuu, mkiongeza muda tu. Maharage mekundu, yeyote asiyapike kwenye kapu kabla ya kuyaloweka na kuyachemsha kwa nguvu dakika kumi zisizopungua. Yana sumu yake ambayo moto mdogo hauiui. Hilo halina mjadala.

Zikibaki, joto la Dodoma halina huruma: zisikae mezani zaidi ya saa mbili, zipoze, ziweke kwenye friji. Kesho yake zitakuwa nzito, zilegeze kwa maji ya moto, zichemke kweli kweli. Zile zilizokauka kabisa ni za sambusa. Kaanga na kitunguu na pilipili hoho mpaka maji yaishe, tia giligilani, funga. Wakati wa Kwaresima na wa Ramadhani hapa mtaani hakuna anayeuliza nyama iko wapi, wanauliza zimebaki ngapi.

Maswali nitayapokea tukiwa tunakula, nimeona mikono miwili mitatu. Sahani ziko kwa katibu. Mnaokula sufuria ya kushoto tafuneni kwa subira. Akina baba wa mlangoni, maji ya kunawa yako hapo karibu yenu, anzeni ninyi.